Bei ya Haki Haimo Kitabuni

Ndugu msikilizaji, mwezi Novemba mwaka 2025 kitabu kimoja cha katuni kilipigwa mnada nchini Marekani, kikanunuliwa kwa dola milioni 9.12. Kitabu hicho ni toleo la kwanza la Superman, lililotoka mwaka 1939 na kuuzwa vibandani kwa senti 10. Ndugu watatu walikikuta darini walipokuwa wakiondoa vitu katika nyumba ya marehemu mama yao, huko California. Kilikuwa ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu.

Miaka 48 kabla ya hapo, mwaka 1977, familia nyingine ilikuwa ikiondoa vitu katika nyumba ya mzee wao, katika mji wa Denver. Familia hiyo nayo ilikuta vitabu vya katuni, tena si kimoja, bali maelfu. Vingi vilikuwa safi kama vilivyotoka kiwandani. Lakini wao waliviuza kwa fedha kidogo sana, na utajiri ukaenda kwa mtu mwingine.

Wengi wanaosikia habari za namna hii hutikisa kichwa na kusema kwamba Wazungu wana fedha za kuchezea. Huenda ni kweli. Lakini wiki hii naomba tuziweke kando hizo fedha, tujiulize swali ambalo linamhusu kila mtu anayeuza na kununua, awe Kariakoo, Gikomba au Denver. Familia hizi mbili zilikuwa na mali ya aina moja. Kwa nini moja ilipata haki yake na nyingine haikuipata? Na huyo aliyenunua kwa bei ndogo, je, alidhulumu au alifanya biashara tu? Historia ya vitabu hivi vya watoto inatupa jibu zuri kuliko vitabu vingi vya uchumi.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, waliuza kazi yao kwa kampuni ya Detective Comics ya New York. Mmoja, Jerry Siegel, alikuwa mtunzi, na mwenzake, Joe Shuster, alikuwa mchoraji. Wote walikuwa na umri wa miaka 23. Walilipwa dola 130 kwa kurasa 13, yaani dola 10 kwa kila ukurasa, wakatia saini karatasi ya kuikabidhi kampuni haki zote za shujaa wao. Shujaa huyo alikuwa Superman, na kitabu alimotokea kwa mara ya kwanza ni Action Comics namba 1, cha Juni mwaka 1938.

Siku ile, kusema kweli, pande zote mbili zilikuwa gizani. Vijana hawakujua kwamba wanauza mgodi wa dhahabu, na mnunuzi naye hakujua kwamba ameununua. Ubaya ulikuja baadaye, mmoja alipokwisha kujua na akaendelea kushikilia karatasi iliyoandikwa wakati wa giza. Kampuni ilivuna mamilioni. Vijana walipoishitaki mwaka 1947 waliishia kuikosa hata kazi yenyewe. Ilibidi ifike Desemba mwaka 1975, baada ya magazeti kuwapigia kelele wakubwa, ndipo kampuni iliyokuwa ikimiliki haki hizo ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi yao. Wakati huo walikuwa wameshapita miaka 60.

Na hapa kuna kichekesho cha kuumiza. Ile hundi ya mwaka 1938, iliyokuwa na zile dola 130 pamoja na malipo ya kazi nyingine, ilihifadhiwa. Mwaka 2012 ilipigwa mnada, ikauzwa dola 160,000. Karatasi iliyothibitisha kwamba watu walilipwa kidogo ikawa na thamani kubwa mara elfu kuliko fedha walizolipwa.

Sasa, kwa nini kitabu cha senti 10 kifikie mamilioni? Inakadiriwa kwamba nakala 200,000 hivi za Action Comics namba 1 zilichapishwa. Zilizosalia leo zinakadiriwa kuwa mia moja tu, na nyingi kati ya hizo zimechanika au zimetengenezwa upya. Zilikwenda wapi nyingine? Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi hafifu, visomwe na kutupwa. Watoto walivikunja, wakavitia mfukoni, wakabadilishana mpaka vikaisha. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali iliwaomba wananchi wakusanye karatasi kuukuu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na watoto wale wale wakapeleka vitabu vyao kwa furaha. Vita ilipokwisha likaja jambo jingine. Wakubwa walianza kusema kwamba vitabu vya katuni vinaharibu tabia za vijana. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishutumu, na kamati ya Baraza la Seneti ikafanya vikao juu ya jambo hilo hilo. Katika miji kadhaa vitabu hivyo vilikusanywa na kuchomwa moto hadharani. Na akina mama, kama akina mama wa kila nchi, walipofagia chumba cha kijana aliyekwenda jeshini au chuoni, walitupa kila kilichoonekana ni takataka.

Kwa hiyo uadimu wa vitabu hivi haukupangwa na mtu. Ulitokana na watu wote kuamini kwamba havina thamani. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Katika miaka ya 1960 wale watoto walikuwa wamekua. Walikuwa na kazi, mshahara na kumbukumbu. Mwaka 1961 mwalimu wa chuo kikuu huko Detroit, Jerry Bails, alianzisha jarida dogo liitwalo Alter Ego, kwa ajili ya watu wazima waliokuwa bado wanawapenda mashujaa wa utoto wao. Majarida mengine ya namna hiyo yakafuata. Moja, Rocket's Blast Comicollector, lilikuja kujaa matangazo ya kuuza na kununua. Mwaka 1964 wapenzi wa vitabu hivi walikutana New York katika mkutano uliokuwa miongoni mwa mikutano ya kwanza ya aina yake. Ndipo soko lilipozaliwa.

Lilikuwa soko la barua. Mtu wa Texas alitangaza kwamba anacho kitabu fulani, na mtu wa Boston akatuma fedha kwa posta, kisha akasubiri. Hapo hapo ugomvi ukaanza. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba kitabu ni kizuri. Mnunuzi alipofungua bahasha alikuta jalada limepasuka, pini zimeota kutu na ukurasa wa katikati haupo. Akaandika barua ya hasira. Muuzaji naye akajibu kwamba kwa kitabu cha miaka 25, hicho ndicho kizuri. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili walikuwa waaminifu. Hawakuwa na kipimo kimoja cha neno “kizuri”. Ni kama pishi mbili zisizolingana katika soko moja: anayepima hasemi uongo, lakini anayenunua anarudi nyumbani na pungufu.

Wakusanyaji wakaanza kujitungia sheria, bila polisi wala mahakama. Walikubaliana kuvipanga vitabu kwa madaraja, kuanzia kile kilichochakaa mpaka kile kilicho kama kipya. Walidai kila kasoro itajwe kabla fedha hazijatumwa. Aliyedanganya, jina lake liliandikwa jaridani, na katika soko la barua, jina likishaharibika hakuna wa kukutumia tena hata senti. Wahenga walisema biashara haigombi. Lakini biashara hii ilijifunza kugombana kwa kalamu, na ugomvi ule uliisaidia kukua.

Mwaka 1970 likatokea jambo kubwa zaidi. Robert Overstreet, mkusanyaji wa mji wa Cleveland, safari hii Cleveland ya jimbo la Tennessee, alichapisha kitabu cha orodha ya bei. Kiliuzwa dola 5. Ndani yake kila kitabu cha katuni alichokijua kilipewa bei tatu: ya kitabu cha wastani, ya kitabu kizuri na ya kitabu kilicho kama kipya. Action Comics namba 1, katika hali bora, kiliandikwa dola 300. Leo tunaweza kucheka, lakini wakati ule watu waliona ni bei ya wazimu.

Wahenga wetu wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Overstreet aliwapa wakusanyaji daftari. Kabla yake, bei aliijua mchuuzi peke yake. Baada yake, kijana wa shule mwenye dola 5 aliweza kuingia dukani na kubishana na mchuuzi mwenye miaka 20 katika kazi hiyo.

Lakini tusiitie orodha ile chumvi. Wale wanaokumbuka enzi za Tume ya Bei hapa Tanzania wanajua kwamba bei iliyoandikwa na bei inayolipwa ni vitu viwili. Sukari ilikuwa na bei yake rasmi ukutani, na bei yake nyingine mlango wa nyuma. Overstreet hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu yeyote. Alikusanya habari kutoka kwa wachuuzi na wakusanyaji, akazipima, akaziandika. Wapo waliomlaumu kwamba wachuuzi wanaompa habari ndio hao hao wenye mali ya kuuza, kwa hiyo orodha itapanda kila mwaka kwa faida yao. Na ni kweli kwamba orodha ya bei hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaeleza bei, na pia inaitengeneza. Mtu akishaona dola 300 kwenye maandishi, hakubali tena 200.

Sasa turudi Denver, mwaka 1977. Mzee mwenye vitabu aliitwa Edgar Church. Alikuwa mchoraji wa matangazo, na kwa miaka mingi alinunua vitabu vya katuni na majarida, akavipanga kwa marundo marefu ndani ya nyumba yake. Hewa kavu ya milimani na giza la chumba vilivilinda. Chuck Rozanski, kijana mchuuzi wa vitabu vya katuni katika jimbo hilo hilo la Colorado, aliitwa kuviangalia. Vinakadiriwa kuwa kati ya 18,000 na 22,000, na ndani yake mlikuwa na Action Comics namba 1 inayosemekana ni bora kuliko nyingine zote zinazojulikana. Rozanski alivinunua vyote kwa bei ambayo, ukiilinganisha na thamani yake, ilikuwa kama bure. Kwa maelezo yake mwenyewe, warithi walikuwa tayari kuvitupa.

Hapa wakusanyaji wamegawanyika mpaka leo. Upande mmoja husema: kijana yule aliviokoa. Bila yeye vingekwenda jalalani, na hakuna ambaye angepata kitu. Alibeba mzigo, alikopa fedha, aliujua ufundi ambao wengine hawakuujua, na ujuzi una malipo yake. Upande wa pili husema: daftari la Overstreet lilikuwa tayari na miaka 7. Mnunuzi alilijua na muuzaji hakulijua. Mmoja alikuwa na taa na mwenzake alikuwa gizani, na mwenye taa hakuiinua.

Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, lakini haziongelei jambo moja. Kwamba mchuuzi anastahili faida, hilo halina ubishi. Ana kodi ya pango, ana vitabu vinavyokaa rafuni miaka bila kuuzwa. Katika biashara hii ni kawaida mwenye duka kununua kwa nusu ya bei ya orodha au chini ya hapo, na hilo si wizi. Lakini faida ya mchuuzi ni mshahara wa kazi yake. Pale faida inapotoka si katika kazi bali katika ujinga wa mtu aliyekuamini, imeshavuka mpaka. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mnunuzi akisema, “Hivi vina thamani kubwa, mimi nitawapa kiasi hiki kwa sababu hizi na hizi,” na mwenye mali akakubali, hapo pana biashara hata kama bei ni ndogo. Akinyamaza, pana kitu kingine.

Na angalia kilichofuata. Rozanski alipoanza kuviuza aliomba bei iliyopita ile ya daftari, akisema kwamba vitabu vyenye usafi ule havijapata kuonekana. Wakusanyaji walinung'unika. Kisha wakalipa. Kwa hiyo daftari lile lile halikuwafaa warithi wakati wa kuuza, na halikumzuia mchuuzi wakati wa kuuza tena. Ndiyo maana nasema bei ya haki haimo kitabuni. Kitabu ni taa tu. Haki ni nani ameishika, na anammulikia nani.

Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Magazeti ya Marekani yalianza kuandika kwamba vitabu vya katuni vya zamani vinapanda bei kuliko hisa. Wakaingia walanguzi, watu ambao hawakuwa wakisoma hata ukurasa mmoja. Walinunua matoleo mapya kwa maboksi, wakaamini kwamba baada ya miaka 10 watasomeshea watoto. Kampuni nazo zikawapa walichotaka: majalada ya kung'aa, majalada ya aina tano kwa kitabu kimoja, matoleo yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men liliuzwa kwa wenye maduka zaidi ya nakala milioni 8. Novemba mwaka 1992 lilitoka toleo la kifo cha Superman, ndani ya mfuko mweusi wenye kitambaa cha msiba, na nakala zaidi ya milioni 6 zikauzwa.

Unakumbuka tulisema nini juu ya uadimu? Action Comics namba 1 ni adimu kwa sababu watu wote walikitupa. Kifo cha Superman hakiwezi kuwa adimu kwa sababu watu wote walikiweka. Hesabu hiyo ni rahisi, hata muuza nyanya anaijua: siku kila shamba linapoleta nyanya sokoni, hakuna wa kununua. Lakini walanguzi walisoma bei ya vitabu vya zamani na kuipachika kwenye vitabu vipya. Soko likaanguka. Maduka mengi ya vitabu vya katuni yakafungwa, na Desemba mwaka 1996 kampuni kubwa ya Marvel ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Kitabu cha kifo cha Superman unaweza kukipata hata leo kwa bei ya chakula cha mchana huko kwao.

Walioumia hawakuwa matajiri. Ni vijana na wazazi waliomwamini mwenye duka alipowaambia, “Weka, kitapanda.” Huo nao ni upungufu wa haki, ingawa bei iliandikwa wazi juu ya jalada. Hakuna aliyedanganywa juu ya bei. Walidanganywa juu ya kesho.

Tangu mwaka 1995 intaneti ilileta soko jipya, hasa mnada wa eBay ulioanza mwaka huo. Sasa mtu hakusubiri tena daftari la kila mwaka. Aliweza kuona kitabu kama chake kimeuzwa kwa kiasi gani wiki iliyopita. Hili lilikuwa badiliko kubwa, lakini lilileta mtego wake: bei anayoomba mtu si bei aliyolipwa mtu. Yeyote anaweza kuandika dola elfu moja juu ya kitabu chake. Mkusanyaji mwenye akili haangalii kinachotangazwa, anaangalia kilichouzwa, tena si mara moja bali mara kadhaa, maana hata mnadani huwamo watu waliotumwa kupandisha bei.

Na ule ugomvi wa zamani wa neno “kizuri” ukarudi kwa nguvu, kwa kuwa mnunuzi aliona picha tu. Mwaka 2000 kampuni ya CGC ilianza kazi ya kukagua vitabu. Haikujiweka upande wa muuzaji wala wa mnunuzi. Inapokea kitabu, inahesabu kurasa, inatazama kama kimepakwa rangi au kubandikwa, inakipa alama kuanzia nusu mpaka 10, kisha inakifunga ndani ya kasha la plastiki. Kitabu kilichokarabatiwa hupewa lebo ya zambarau, ili kila mtu ajue. Tangu hapo mtu wa Ulaya aliweza kununua kitabu kilichoko Marekani bila kukigusa. Mwaka 2010 Action Comics namba 1 ilivuka dola milioni moja. Mwaka 2014 nakala nyingine iliuzwa kwenye eBay kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nyingine ikafika milioni 6.

Hata hivyo kasha nalo si malaika. Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni hiyo yenyewe ilitangaza kwamba kuna makasha yaliyochezewa, kitabu hafifu kikawekwa ndani ya lebo yenye alama kubwa. Waliogundua mwanzoni ni wakusanyaji wenyewe, waliolinganisha picha za zamani na mpya na kuona kwamba alama ndogo za jaladani hazifanani. Kwa maneno mengine, baada ya daftari, mnada, alama na plastiki, ulinzi wa mwisho ulikuwa ule ule wa miaka ya 1960: watu wanaojuana, wanaoangaliana, wanaotaja kasoro kwa sauti.

Kutokana na historia hiyo, wakusanyaji wastaarabu wamefikia mila chache ambazo hakuna bunge lililozipitisha. Muuzaji anataja kasoro kabla hajataja bei, na anapiga picha upande uliochanika, si upande mzuri peke yake. Kama kitabu kimetengenezwa, anasema. Anaonyesha bei tatu nne za mauzo ya karibuni, si moja ile kubwa. Gharama za kutuma zinasemwa mapema, zisije zikafichwa mwishoni. Mnunuzi naye ana wajibu wake: akishasema “nimechukua”, amechukua, hatafuti kisingizio baada ya kuona kingine cha bei ndogo mahali pengine. Na mjuzi anapomkuta mjane au yatima mwenye boksi la vitabu, kwanza anamwambia alichonacho, ndipo anataja anachoweza kulipa.

Wale ndugu watatu wa California walinufaika na mambo yote hayo kwa pamoja. Kitabu chao kilikaguliwa, kikapewa alama 9, kikapelekwa mnadani mbele ya macho ya dunia nzima. Darini kwao kulikuwa na bahati. Lakini bahati hiyo hiyo ilikuwamo nyumbani kwa Edgar Church. Kilichoongezeka katika miaka 48 ni taa kufika mkononi mwa muuzaji.

Ndugu msikilizaji, kabla hatujaagana, tujitazame nasi. Huku kwetu Chakubanga wa Christian Gregory alichekesha wasomaji wa Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau akawachekesha wa Taifa Leo nchini Kenya. Jarida la Sani lilipita mkono kwa mkono katika miaka ya 1980 mpaka likachakaa. Kurasa nyingi za namna hiyo zilifungia karanga na maandazi, na kilichobaki kimo kwenye masanduku ya wazee wetu, kinasubiri siku ya kufagiwa. Sisemi kwamba kuna mamilioni ya dola ndani yake. Baada ya habari ya mwaka 1992, yeyote atakayekuambia “weka, kitapanda” umwogope. Nasema tu kwamba kitu hakiwezi kupewa bei ya haki kama hakuna aliyeandika ni kitu gani, kilitoka lini, na kimebaki kingapi. Overstreet hakuanza na fedha. Alianza na orodha.

Kwa hiyo siku utakapoitwa kusaidia kuondoa vitu katika nyumba ya mzee, na mtu akaja mlangoni akasema atachukua makaratasi yote kwa bei ya jumla, usimkatalie wala usimkubalie. Mwambie arudi kesho. Usiku huo yafungue maboksi, chukua daftari na kalamu, uandike kilichomo.